Mwaka Mpunga Ulipozama

Aandeg alikufa mwishoni mwa baridi, wakati kunguru wa kwanza walikuwa wamekwisha kurudi na barafu ya ziwani imeanza kugeuka rangi. Alikuwa anavuka kwenda ng'ambo kufuata sufuria kubwa ya chuma waliyoiacha kwenye kambi ya baridi. Mkewe, Zozet, ndiye aliyeikumbusha. Alikuwa akifunga mizigo ya kuhamia kwenye miti ya sukari, akasema kwa utani, "Bila sufuria ile utomvu tutauchemshia wapi, viganjani?" Aandeg akacheka, akachukua kamba na ubao wake wa kuburutia mizigo kwenye theluji, akashuka ziwani. Barafu ilipasuka chini yake karibu kabisa na ufuko wa pili.

Wanaume walimwopoa kesho yake kwa mikuki ya kuvulia samaki. Ardhi ilikuwa bado ngumu kama jiwe, kwa hiyo waliwasha moto juu yake mchana kutwa ili ilainike, ndipo wakachimba. Walimzika kwenye rasi yenye misonobari, ubavuni mwa baba yake, wakamjengea juu ya kaburi kibanda kifupi cha magome chenye tundu upande wa magharibi, pa kumwekea chakula.

Kabla hawajamfunika, dada yake alimkata shungi moja la nywele. Dada huyo aliitwa Maagid. Alikuwa mkubwa kwa Aandeg, na ndiye aliyemlea mgongoni wakati mama yao akishughulika na nyavu. Mumewe mwenyewe alikwenda kukata magogo kusini na hakusikika tena, na tangu hapo ulimi wake ulikuwa mkali kwa kila mtu isipokuwa mdogo wake. Alilifunga lile shungi kwenye gome jembamba, akalizungushia shati la marehemu na blanketi lake, akakaza kamba. Kikawa kitita cha ukubwa wa mtoto mchanga. Akamsukumia Zozet kifuani.

"Haya, mumeo huyo," alisema. "Huyu angalau huwezi kumtuma."

Zozet alikipokea. Kwa mwaka mzima angelala nacho, angekula nacho, angekitengea sahani yake kila mlo. Hangechana nywele wala kuvaa nguo nzuri. Na kila msimu utakapoleta chakula chake kipya, asingekigusa mpaka ndugu wa mumewe wamlishe kwa mkono wao, kwa sababu mkono wa mfiwa bado una ubaridi wa kifo, na msimu ukiguswa na ubaridi ule hunyauka.

Chakula cha kwanza kilikuwa sukari. Kwenye kambi ya miti ya sukari Zozet aliruhusiwa kukata kuni tu. Wengine walichanja miti, walibeba utomvu, walikoroga, naye alikaa pembeni na kitita chake, moshi ukimjia usoni. Hata ile sufuria kubwa ililetwa na mtu mwingine, ikawekwa motoni kama kawaida, na kila ilipotokota Zozet alitazama pengine.

Mama mkwe wake, Bineshii, alikuwa mzee ambaye macho yake yalikwisha kupatwa na ukungu. Aliona mwanga na vivuli tu. Sukari ilipoiva alimwita Zozet akae mbele yake, akapapasa mpaka akaupata uso wake.

"Fumbua mdomo, mwanangu. Usinifanye nikulishe sikio."

Alimkaribishia kijiko, akakirudisha. Mara ya pili, akakirudisha. Mara ya tatu vilevile. Mara ya nne alimtia kinywani, akasema, "Kula. Sukari imekujua." Ndivyo ilivyofanywa siku zote. Zozet akameza.

Kwa desturi dada wa marehemu naye hushika kijiko. Maagid alikuwa amesimama mlangoni, mikono nyuma.

"Na wewe mlishe wifi yako," Bineshii alisema.

"Ameshashiba huyo. Msiba wa kujitakia hauna kilio, mama."

Zozet aliinua kitita chake, akatoka kwenda kuongeza kuni. Hakumkasirikia Maagid, kwa kuwa maneno hayo alikwisha kujiambia mwenyewe mara nyingi kuliko Maagid angeweza kuyasema.

Wakati wa stroberi za porini mzee alimlisha tena, na Maagid akatafuta shughuli ya kwenda kufanya mbali. Wanawake hawa watatu waliishi kibanda kimoja cha magome, na Zozet na wifi yake hawakuambizana lolote ila kupitia kwa mzee. "Mama, mwambie huyo maji yameisha." "Mama, mwambie huyo nimeshayaona." Bineshii alizigeuzia shingo huku na huku hizo salamu zao, na siku moja akasema, "Nimekuwa kipofu, sijawa mtumwa wa posta."

Kiangazi kile ndipo maneno ya ukuta yalipoanza. Watu wa magogo walikuwa wamejenga ukuta kwenye mto, mbali chini huko, ili kukusanya maji ya kusafirishia magogo yao. Walikuja wawili na mkalimani, wakasema ziwa litapanda kidogo. Wakasema makaburi yatahamishwa kwa heshima. Wazee walivuta tumbaku, wakauliza, "Na mpunga?" Mkalimani alishindwa kulitafsiri swali lile ipasavyo, au alilitafsiri na wale wawili hawakuona ni swali. Walikwenda zao. Waliokuja baadaye kuhamisha makaburi walihamisha machache yenye misalaba, karibu na njia, wakaondoka kabla ya mvua.

Mpunga wa ziwani, unaojiotea wenyewe majini, wakati huo ulikuwa bado mchanga, majani yake yamelala juu ya maji kama nywele za mtu aliyelala chali. Mashina yake hayana nguvu bado. Yanashikilia tope kwa mizizi mifupi. Zozet alizoea kukaa ufukoni asubuhi akiutazama, kwa sababu kutazama hakukukatazwa. Ndiye aliyeona kwanza kwamba lile jiwe bapa ambalo Maagid hulitumia kukwangulia ngozi limezungukwa na maji.

"Mama, mwambie Maagid jiwe lake linaloa."

"Mwambie yeye nimeliona," Maagid alisema. Lakini alikuja akasimama, akalitazama jiwe, akalitazama ziwa. Kesho yake jiwe halikuonekana.

Maji hayakuja kwa kishindo. Yalipanda kama mtu anayepanda kitandani bila kutaka kuamsha wengine. Siku chache tu, majani ya mpunga yakawa chini ya maji, yakijivuta kutafuta mwanga, kisha mizizi ikaachia. Ghuba nzima ikajaa mashina ya kijani yanayoelea, yakisukumwa na upepo mpaka ufukoni, yakarundikana na kuanza kunuka. Wanawake walisimama kwenye tope hadi magotini, wakiyaokota na kuyatupa, wakiyaokota na kuyatupa, kama watu wasiojua mikono yao inafanya nini. Kuna mmoja alijaribu kuyapanda tena.

Halafu ikaja dhoruba. Upepo ulivuma siku kadhaa, na hakuna mtumbwi ulioweza kuingia ziwani. Zozet alikaa mlangoni na kitita magotini, akitazama upande wa rasi, ambao hauonekani kwa mvua.

Upepo ulipotulia, alishusha mtumbwi alfajiri bila kuaga. Alipokwisha kuuweka majini alisikia uzito ukiingia mbele. Maagid alikuwa amekaa, amempa mgongo, kasia mkononi.

"Piga kasia," alisema Maagid.

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa Zozet moja kwa moja tangu siku ya mazishi.

Rasi haikuwapo. Misonobari ilikuwa imesimama ndani ya maji, matawi ya chini yanagusa. Kibanda cha kaburi la baba kilikuwa cha zamani, kimekwisha kwenda. Cha Aandeg kilikuwa kimeng'oka na kunaswa kwenye tawi, kinazunguka polepole, tundu lake la magharibi likitazama kaskazini, kisha mashariki, kisha kaskazini tena.

Maagid alitelemka mtumbwini na nguo zake zote. Maji yalimfika kifuani. Alitembea akipapasa kwa miguu, mikono juu, uso ameukaza.

"Ni hapa," alisema. "Nayasikia mawe ya kaburi. Ni hapa, shika mtumbwi."

Akazama. Akatokea, akavuta pumzi, akazama tena. Alikuwa anachimba kwa mikono. Tope likapanda, maji yakawa meusi, hata yeye asionekane anapokuwa chini. Zozet alimwita. Alipotokea mara nyingine midomo yake ilikuwa imebadilika rangi na anatetemeka, lakini alikuwa anajiandaa kuzama tena. Ndipo Zozet alipoinama, akamkamata nywele, kisha kwapa, akamvuta. Nusura mtumbwi upinduke. Walipambana kidogo, mmoja ndani ya maji na mmoja juu, kimya kimya, mpaka Maagid akachoka.

Alilala kwenye sakafu ya mtumbwi kama samaki, ngumi zote mbili amezifumba.

"Nilimbeba mgongoni huyu," alisema, "hajajua kutembea. Alikuwa ananivuta masikio."

Zozet alimfunika kwa blanketi lake mwenyewe.

"Mimi ndiye niliyeitaja sufuria," Zozet alisema.

"Najua."

"Nilikuwa natania."

"Najua. Angekwenda tu. Hajapata kuona barafu akaipita bila kuijaribu, tangu mdogo. Nilimchapa kwa hilo." Maagid alifumba macho. "Nilitaka awepo mtu wa kumchukia. Wewe ulikuwa karibu."

Walikivuta kile kibanda kwa kamba. Wakiwa njiani Zozet aliuliza, "Mama tumwambie nini?"

"Tusimwambie."

Walikisimamisha kwenye mteremko nyuma ya kijiji, mahali pakavu chini ya miti ya magome meupe, tundu likitazama magharibi. Maagid ndipo akazifumbua ngumi zake. Zilikuwa na tope la kule chini, limekwisha kukauka kwenye mikunjo ya vidole. Walilikwangua lote, wakaliweka chini ya kibanda, wakalifunika kwa mawe.

Bineshii hakuchukua siku nyingi kuomba. "Nipelekeni kwa mwanangu, nimpelekee sukari. Mvua kama ile, atakuwa ameloa." Wifi wawili hawa walitazamana. Wakampandisha mtumbwini, wakamzungusha ziwani kitambo cha kutosha, wakamteremsha chini ya mteremko na kumpandisha kwa kumshika huku na huku. Maagid aliongea njia nzima, jambo ambalo si kawaida yake: mara hapa pana mzizi, mama, mara pale pana jiwe.

Mzee alipiga magoti, akapapasa magome ya kibanda, ukingo, tundu. Alilitambua. Aliingiza sukari, akaweka tumbaku, akaongea na mwanawe kwa sauti ndogo kuhusu nyavu zilizotoboka na kuhusu mbwa aliyekufa. Halafu akainua uso kama anayenusa.

Walirudi mtumbwini, wakafika katikati ya maji.

"Misonobari ya pale huwa inavuma," alisema. "Hata upepo ukiwa mdogo."

Makasia yote mawili yalisimama.

"Na baba yenu naye yuko majini?"

Maagid alikuwa amemgeuzia mgongo. "Naye, mama."

Mzee aliweka mkono wake majini, akauacha uburutwe. "Hamkuwa na haja ya kunizungusha hivyo. Nina mifupa mibovu." Kisha akasema, "Basi sukari nimeiacha kule. Wataitafuta wenyewe."

Majira ya majani kudondoka yalikuja, ule mwezi ambao watu hupiga kambi za mpunga, na hapakuwa na kambi. Kwa kawaida ghuba ingejaa mitumbwi, mmoja akisukuma kwa mti mrefu, mwingine akiinamisha masuke kwa fimbo na kuyapiga taratibu, na jioni kijiji kizima kingenukia mpunga unaokaangwa. Mwaka ule palinukia tope. Familia moja moja zilifunga mizigo na kuondoka kwenda kwa ndugu. Waliobaki walikula samaki, na unga wa ngano uliokuwa na wadudu.

Bineshii alikuwa na mpunga kidogo wa mwaka uliopita kwenye kasha la gome, lakini huo haukuwa chakula cha msimu. Ulipigwa na Aandeg mwenyewe. Mzee alilishika lile kasha akauliza hewani, "Sasa huyu mtoto atafunguliwa kwa chakula gani?" Zozet alisema haina neno. Alisema hana hata njaa, na hilo lilikuwa kweli; alikuwa amekonda mpaka kitita kikaonekana kikubwa kuliko yeye.

Siku iliyofuata Maagid hakuwapo, na mtumbwi haukuwapo.

Zozet alifikiri amewakimbia. Hakumlaumu. Alimhudumia mzee, akaweka nyavu kwa kuazima mtumbwi wa jirani, akaziba mianya ya kibanda kwa majani makavu. Usiku wa baridi mzee alimwita alale karibu, na kitita kikalala katikati yao.

"Anarudi," Bineshii alisema. "Maagid ana kisirani, ila hajui njia ya kukimbia. Mumewe ndiye aliyeijua."

Alirudi baada ya jalidi ya kwanza. Walimwona akipanda kutoka ufukoni akichechemea, uso umechongoka, mikono imejaa malengelenge yaliyopasuka. Alikuwa amepita maziwa na maziwa, akibeba mtumbwi mabegani peke yake katikati ya maji na maji, mpaka kwa binamu za mama yake ambako mpunga ulikuwa ungalipo. Kule alikuta watu wa maziwa mengine yaliyozama nao wamejazana, kila mmoja na fimbo zake. Hakukuwa na nafasi ya kuvuna. Basi aliwafanyia kazi: alikaanga, alipepeta, alikanyaga mpunga shimoni kutoa maganda, kazi ambayo hufanywa na vijana wenye miguu myepesi.

"Wamenichezesha ngoma yangu ya mwisho," alisema, akijiketisha kwa uchungu. "Magoti haya hayanisemeshi tena."

Akatoa kifuani kikasha cha gome, kidogo kama kiota. Ndani yake mlikuwa na mchele mweusi, mrefu, unaong'aa.

Aliupika mwenyewe. Hakutaka msaada. Ulipoiva akamkalisha Zozet mbele yake, akakiweka kitita kando yao kikiwa na sahani yake, akachota. Akakaribisha kijiko, akakirudisha. Akakaribisha, akakirudisha. Mara ya tatu alichelewa kukirudisha.

"Wifi," alisema, "nilipaswa kufanya hivi tangu sukari."

"Nipe tu nile," Zozet alisema. "Kinapoa."

Maagid akacheka kwa pua, na katika kucheka huko machozi yakamtoka. Mara ya nne akamlisha. Zozet alitafuna taratibu. Ulikuwa wali mzuri, wenye harufu ya moshi, na haukuwa wa nyumbani. Mzee alipopewa wake alitafuna akasema, "Wa ziwa jingine huu," na Maagid akajibu, "Ndiyo, mama," na wakala mpaka kikasha kikaisha.

Baridi ile walikaa pamoja kibandani, na watu waliopita walisema hawajapata kusikia wifi wakizozana kwa furaha namna ile. Walizozania kuni, nyavu, nani anakoroma. Mzee alikuwa akizidi kulala.

Kunguru waliporudi, mwaka ulikuwa umetimia. Kaka wawili wa Zozet walikuja kutoka kwao, safari ndefu kwa viatu vya theluji, kama ilivyo ada. Maagid alipasha maji, akaziosha nywele za wifi yake, akazichana kwa kitana cha mfupa, fundo moja moja, kwa kuwa zilikuwa zimeshikamana kama nyavu zilizotupwa. Hakuvuta kwa nguvu. Akampaka rangi nyekundu mashavuni, akamvisha gauni alilolishona usiku wa baridi bila kusema ni la nani. Kisha akanyoosha mikono, na Zozet akampa kitita.

"Umemlilia vizuri," Maagid alisema, kwa sauti ya kusikiwa na kaka za Zozet. "Umefunguliwa. Nenda unakotaka, olewa ukitaka. Kwetu hakuna atakayekusema."

"Na nikitaka kubaki?"

"Ubaki wapi?" Maagid alielekeza kidevu ziwani. "Sisi wenyewe tunahama barafu ikiachia. Binamu wametupa nafasi ya kulala wawili, tena kwa kubanana." Akaangalia kitita alichokishika. "Usinikazie macho hivyo. Nimeshasema maneno. Hayarudi."

Bineshii aliamshwa ili aage. Alimpapasa Zozet uso mzima, mashavu yenye rangi, nywele laini, akachelewa kwenye nywele.

"Nani huyu mzuri?" aliuliza, na haikujulikana kama anatania.

Zozet aliondoka na kaka zake asubuhi hiyo. Kwao kulikuwa na miti ya sukari mingi kuliko kule alikoolewa, na alichanja, akabeba, akakoroga, akala kwa mkono wake mwenyewe. Watu walimtazama, wakaona mwanamke aliyepona.

Habari zilimfikia wakati wa stroberi, kupitia kwa wachuuzi wa ngozi waliokuwa wakipita. Bineshii alifariki njiani wakati wa kuhama, kabla hawajafika kwa binamu. Maagid alimzika palepale, kwenye nchi ya juu, na hakuna aliyejua sawasawa ni wapi. Hakutuma mtu kumwita Zozet. Kwa sheria hakupaswa kutuma. Zozet hakuwa tena mtu wao, na kwa mzee yule hakuwa na haki ya kubeba shungi wala kitambaa.

Wachuuzi walikuwa wamekaa motoni, wakila. Mke wa kaka yake alileta bakuli la stroberi, za kwanza, akalizungusha kwa kila mmoja. Lilipomfikia Zozet alilipitisha kwa aliye jirani yake.

"Mbona huli?" wifi yake huyu aliuliza. "Nzuri sana mwaka huu."

"Naziona," Zozet alisema.

Hakuzigusa kiangazi chote. Hakuna aliyemkataza, na hapakuwa na mtu wa kumlisha.